Nilivyoikausha Milima ya Uluguru

Kuna watu wamepanda Kilimanjaro wakarudi na picha. Mimi, Abel, niliikausha milima ya Uluguru. Masika nzima! Kuanzia Machi mpaka Mei sikuruhusu hata tone moja lidondoke kule juu. Wenyeji watakwambia walilowa mpaka mifupa, lakini hao usiwasikilize. Ushahidi ninao mimi, umo ndani ya kompyuta.

Tena nilifanya hayo yote nikiwa nimekaa kitini Morogoro mjini, nimevaa tai.

Ilikuwa miaka ile soko huria limechanganya. Viwanda vya umma vinauzwa, mitumba inamwagwa barabarani, na kila mwenye chumba cha uani amefungua chuo cha kompyuta. Mimi nilitoka kwenye chumba kimojawapo nikiwa na cheti chenye muhuri mwekundu. Simu za mkononi ndiyo kwanza zinaingia. Yangu niliivaa kiunoni kama bastola, na hata isipolia niliipokea.

"Haloo! Ndiyo, mtaalamu hapa. Nitumie data!"

Watu wanageuka. Raha iliyoje!

Nilipata kazi kwenye shirika moja dogo lisilo la kiserikali. Kazi ya shirika ilikuwa kukusanya vipimo vya mvua za mlimani na kuvitunza kwenye kompyuta, ili wakulima waambiwe lini wapande na lini wasubiri. Kabla yangu kazi hiyo ilifanywa na binadamu wawili. Huko mlimani, juu ya Mkuyuni, katekista alisoma kipimo kila asubuhi akitoka kusali, akakitaja kwenye simu ya upepo ya misheni. Huku mjini msichana aitwaye Winfrida alikipokea na kukichapa. Dakika tano kazi imekwisha, Winfrida anakunywa chai.

Sasa huyo Winfrida nilikuwa nampenda. Nilimpenda vibaya sana, mpaka chai yangu nikawa naitia sukari mara tatu kwa kumwangalia yeye. Kwao ni kijiji hicho hicho cha mlimani. Nikapeleka posa.

Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora, na kwetu binti anaozwa na baba yake. Basi nikapanda mlima na blanketi, sukari, na jogoo mkubwa mwekundu, nikavikabidhi vyote kwa baba yake, Mzee Benedikto. Mzee alifurahi! Alinikaribisha, akanisifia, akanipikia yule yule jogoo na maharage. Kesho yake nikamwomba jibu.

"Jibu?" akashangaa. "Mwanangu, jibu si langu. Mimi hapa baba tu. Sisi Waluguru watoto ni wa ukoo wa mama yao. Kamwone mjomba."

"Na yule jogoo, mzee?"

"Yule jogoo alikuwa mtamu sana, Mungu akubariki."

Nikaenda kwa mjomba mikono mitupu. Mjomba Fidelis alikuwa mzee mrefu, mkavu, mkulima wa kabichi na karoti, mwenye kukutazama mpaka unakumbuka madhambi ya utotoni. Alinisikiliza, akatema mate pembeni.

"Posa nimeisikia," akasema. "Jibu utapata baada ya masika. Kijana huwa tunamtazama kwanza, kazi yake na maneno yake."

Kazi yangu! Maneno yangu! Nikashuka mlima huku nacheka peke yangu. Yaani mzee amechagua mambo mawili ambayo mimi ninayo mpaka yanamwagika!

Jumatatu nikaingia kwa Mkurugenzi wetu, Bwana Mwinshehe, mtu mnene wa maneno machache.

"Bosi, dunia ya leo data haichapwi na mtu. Inakwenda yenyewe! Tunaweka chombo mlimani, kina umeme wake wa jua, kina simu yake ndani. Kila saa kinatuma ujumbe. Kompyuta inaupokea, inauweka kwenye database, yaani ghala la taarifa, inachambua, inatoa taarifa. Otomatiki! Hakuna mkono wa binadamu."

Mwinshehe akafikiri. "Na Winfrida atafanya nini?"

Hapo mtu mwenye akili angefunga mdomo. Mimi nikaufungua. "Atapumzika, bosi!"

Akapumzishwa mwezi ule ule. Katekista naye akashukuru, akahamia kwa mwanawe Kilosa. Nilijua Winfrida atanipongeza kwa kumtua mzigo. Nikamkuta sokoni Msamvu ananunua nyanya.

"Abel," akasema, "hivi wewe unataka kunioa au unataka kunifukuza kazi?"

"Vyote! Yaani, subiri, nilivyopanga ni hivi..."

"Kaoe hiyo mashine yako!" Akaondoka na nyanya zake. Muuza nyanya akanitazama kwa huruma, akanipa moja bure.

Sikukata tamaa. Mashine ikifanya kazi nitakuwa mkuu wa mfumo mzima, mjomba atakubali, na Winfrida hasira zitamwisha. Ndiyo maana chombo nilikwenda kukisimika shambani kwa mjomba Fidelis mwenyewe, juu kabisa, panapoonekana mnara wa simu wa mjini. Nilitaka kila akiamka aione kazi yangu.

Siku ya uzinduzi kijiji kizima kilikuja. Nilivaa suti ya mtumba, ya sufu nzito, iliyoshonwa kwa ajili ya mtu wa nchi ya theluji. Nikahutubia saa nzima. Niliwaeleza setilaiti, niliwaeleza karne mpya, niliwaeleza database mara kumi na kitu. Kina mama walikuwa wanapiga vigelegele kila nikitaja neno wasilolijua, na mimi nikayaongeza. Mwisho nikafika kwenye ulinzi, nikakielekezea chombo fimbo.

"Ndugu wananchi! Chombo hiki ni ghali kuliko mazao yenu yote. Ndani yake mna umeme. Umeme na maji ni maadui! Maji yakiingia humu, kitaungua, na mtakilipa nyie, na watoto wenu, na wajukuu wenu!"

Watu wakaguna. Mjomba Fidelis akanyoosha mkono, akaonyesha ule mdomo wa chombo ulioachama kuangalia mbinguni.

"Na huku juu je? Huku nako maji yasiingie?"

"Mjomba," nikasema kwa kiburi cha cheti changu, "hata huko juu! Asiguse mtu, yasiingie maji. Wewe ndiye mlinzi mkuu."

Akaitikia kwa kichwa, uso umekaza. Nikajisemea, mzee amenikubali huyu.

Nikarudi mjini, nikakaa mbele ya kompyuta. Ting! Ujumbe wa kwanza ukaingia wenyewe, ukajipanga wenyewe kwenye ghala. Mvua: sifuri. Niliruka nikapiga kichwa kwenye feni. Ting! Sifuri. Ting! Sifuri. Mwinshehe alikuja kutazama, akaondoka anatikisa kichwa kwa mshangao.

Machi ikafika. Mvua ikaanza kunyesha mjini, na mlima ukajifunika mawingu hata haukuonekana. Ting! Sifuri.

"Mbona sifuri tu?" akauliza Mwinshehe.

"Bosi, sifuri nayo ni data. Tena ndiyo data safi kuliko zote, haina hata desimali."

Winfrida alikuja ofisini kufuata mafao yake. Akasimama dirishani.

"Abel, mto umefurika. Umebeba mpaka migomba. Yale maji yanatoka wapi kama si mlimani?"

"Hayo ni maji ya zamani."

"Ya zamani?"

"Yalikuwa yamehifadhiwa. Wewe hujasoma haya mambo."

Akaondoka hata mafao hakuchukua. Wauza mboga wakawa wanashuka kutoka mlimani wamelowa chepechepe, kabichi zao zinachuruzika. Nikaamini kabisa kwamba wanazimwagia maji njiani ili zionekane mbichi. Nilikuwa na imani bwana! Mtume Petro angeomba nimgawie kidogo.

Sasa balaa lenyewe. Katika mbwembwe zangu nilikuwa nimeuagiza mfumo hivi: ikipita miezi miwili ya masika bila mvua, utoe tahadhari ya ukame na kuituma wenyewe, bila kumwuliza mtu. Nao ukatii. Asubuhi moja ukatuma kwa wafadhili Dar es Salaam, ukatuma kwa redio ya FM iliyofunguliwa juzi tu, ukatuma kwa kila mtu ambaye anwani yake nilikuwa nayo ili ajue kwamba nina kompyuta.

Mchana mtangazaji akasoma: "Ukame mkali waikumba milima ya Uluguru, wananchi hatarini!" Alisoma kwa kupiga kelele, maana mvua juu ya bati la studio ilikuwa inamzidi sauti.

Wiki iliyofuata wafadhili wakamtuma Mama Ester, mwanamama wa mjini mwenye miwani na viatu vya wazi. Alikuja na pikapu iliyojaa katoni za maji ya chupa kwa ajili ya wahanga wa kiu. Tukapanda kwenye Landrova ya shirika: Mama Ester, Mwinshehe na mimi. Tukafungua mlango wa nyuma, Winfrida ameshakaa.

"Mimi nakwenda kwetu," akasema. "Nikawazike ndugu zangu waliokufa kwa kiu."

Mjomba aliahidi jibu baada ya masika, na masika ndiyo hii inaishia. Leo wote wataiona kazi yangu, na yeye Winfrida atakuwepo. Nikakaza tai.

Tulipofika Bigwa yakaanza kudondoka matone.

"Abel," akasema Mwinshehe, "hii ni nini?"

"Umande, bosi."

Mbele kidogo dereva akawa haoni njia.

"Na hii?"

"Hii ni mvua ya hapa chini. Juu haipo."

Tukapita Mkuyuni tunaelea. Nyuma yangu Winfrida akaanza kuimba wimbo wa kuomba mvua. Mama Ester akasafisha miwani yake mara ya tano.

"Bado ya chini hii?" akauliza.

"Tunakaribia kuimaliza, mama."

Kwenye kona ya kwanza ya kupanda, Landrova ikazama tope mpaka tumboni, na pikapu nyuma yetu ikafuata mfano mzuri. Wanakijiji wakatokea kutusukuma, wamejifunika majani ya migomba, maji yanawatiririka puani. Mama Ester alikuwa ametumwa kugawa maji, na mtu wa kazi hafanyi mchezo. Akagawa. Kila mmoja chupa moja.

Bibi mmoja akaishika ile chupa, akatazama mbinguni, akatazama chupa. Akaninong'oneza, "Mwanangu, haya yana dawa?"

"Hapana, bibi. Ni maji tu."

"Aa." Akaiweka kifuani kwa adabu, maskini, asije akamwudhi mgeni.

Mimi bado nilikuwa na hoja moja. Nikawageukia wakubwa zangu, tope mpaka magotini. "Bosi, mvua hii ipo kwa macho tu. Kwenye database haipo. Sasa tuamini macho ya mtu mmoja mmoja au tuamini mfumo?"

Wote wakanigeuzia mgongo, wakaanza kupanda. Hata dereva.

Tukafika kwa mjomba Fidelis kwa miguu.

"Shikamoo mjomba!"

"Marahaba. Karibuni. Mmekuja kukagua chombo? Njooni muone wenyewe!" Uso wake ulikuwa unang'aa kwa furaha, na mimi nikapata nguvu. Nikawatangulia.

Shambani niliona nguzo nne za miti. Juu yake limetandwa turubai kubwa la bluu, limefungwa kamba kila pembe, na kuzunguka chini umechimbwa mtaro wa kupitisha maji. Katikati, kikavu kama gunzi, kinang'aa kama sufuria ya bi harusi, chombo changu! Mjomba akatoa kitambaa mfukoni akakipangusa.

"Hakijaonja tone," akasema kwa fahari. "Jua likitoka tunakifunua kipate mwanga. Wingu likichungulia tu, tunakifunika. Ukoo mzima tuna zamu, usiku na mchana. Na ile siku ya upepo mkali nilikikumbatia mwenyewe."

Mvua tu inapiga turubai.

"Abel," akasema Mwinshehe taratibu, "huyu mzee ulimwambia chombo kinapima nini?"

Nikaipitia hotuba yangu yote kichwani, kuanzia setilaiti mpaka wajukuu. Nikaitafuta mvua. Haikuwemo.

"Kinapima?" akashangaa mjomba. "Si cha simu hiki?"

"Mjomba," Winfrida akasema, machozi ya kicheko yanachanganyika na mvua usoni, "ni kipimo cha mvua."

Mzee akanitazama. "Lakini nilikuuliza. Nikakuonyesha na kidole, huku juu nako? Ukasema hata huko juu. Nilishangaa, ila nikasema mtaalamu ni wewe." Akawageukia wageni. "Na redioni tukasikia ukame Uluguru. Tukajua ni wenzetu wa upande wa pili wa mlima, tukawasalia novena, sala za siku tisa za kuomba mvua. Ikazidi huku kwetu."

Mama Ester akajishika mdomo. Mwinshehe alitazama turubai. "Mzee, hili turubai umelipata wapi?"

"Lilikuwa juu ya nyumba yangu, upande unaovuja. Nilipokabidhiwa chombo nikalihamisha. Mke wangu amelala akijikunyata pembeni masika yote, lakini nikamwambia avumilie, huyu kijana anataka kuwa mkwe wetu, tusimharibie kazi."

Hapo ndugu msomaji aibu ilinishika, siyo ya utani. Mzee wa watu amelowa na familia yake kwa miezi kwa ajili ya maneno yangu! Nilitaka kupiga magoti.

Badala yake, kwa sababu ni mimi, nikasema: "Hakuna shida! Tatizo ni turubai tu. Mfumo ni mzima! Ngoja niwaonyeshe!"

Nikakata kamba. Turubai likaporomoka na maji yake yote. Nikafungua sanduku la chombo ili Mama Ester azione zile taa ndogo za kijani zinavyopepesa, nikaliacha wazi, nikasimama pembeni nimenyoosha mkono kama mfungua maonyesho.

"Sasa angalieni mvua inavyoingia kwenye database!"

Ikaingia. Iliingia kwenye sanduku lote. Kikasema tsss, kikatoa moshi mdogo mweupe, taa zikazima moja baada ya nyingine. Chombo kilichoishi kikavu masika nzima mikononi mwa mkulima wa kabichi kilikufa mikononi mwa mtaalamu kabla hajamaliza sentensi.

Mjomba alivua kofia. Nadhani alitaka kuomba.

Nikanyamaza. Nilitafuta neno hata la Kiingereza, sikulipata.

Mwinshehe akajifuta uso. "Winfrida, Jumatatu urudi kwenye meza yako. Simu ya upepo ipo, kipimo cha zamani cha misheni kipo. Tatizo msomaji. Katekista amehama. Nani atakaa huku mlimani akisome kila asubuhi?"

Wote wakageuka wakanitazama. Hata wale waliokuja kusukuma gari.

"Jibu la posa," akasema mjomba Fidelis, akivaa kofia yake, "nilisema baada ya masika, lakini naona ya kutazama nimeshayatazama. Kazi yake nimeiona. Maneno yake nimeyasikia. Huyu akiachwa mjini ataleta maafa." Akamgeukia mpwa wake. "Kwetu mwanamume huifuata ardhi ya mke wake. Shamba lako lipo, jembe lipo. Unamtaka au humtaka?"

Nilifumba macho. Mvua ikanipiga usoni.

"Namtaka," akasema Winfrida. "Leo ni mara ya kwanza namwona amenyamaza. Nimempenda."

Tulifunga ndoa misheni, mvua ikinyesha. Tangu hapo Winfrida yuko mezani mjini, Ijumaa jioni anapanda kwetu. Mimi turubai nililirudisha kwenye nyumba ya mjomba kwa mikono yangu, tai nikafungia mlango wa banda la mbuzi. Kila asubuhi nasoma kipimo na kukitaja kwenye simu ya upepo. Winfrida anasema neno moja tu, "Taja," na mimi nataja. Nikijaribu kumwambia nakupenda, padre anayesikiliza upande wa misheni anaingilia: "Sawa Abel, tumesikia, endelea na kipimo."

Ila kwenye ripoti za shirika bado imeandikwa "mfumo wa otomatiki". Mama Ester alisema neno lile wakubwa wanalipenda, lisiguswe. Kwa hiyo mwaka uliofuata wakaja wageni kutoka ng'ambo, wana kamera, wanataka kuuona huo mfumo kwa macho. Walinikuta shambani na mabuti ya mpira, jembe begani, nakung'uta karoti.

"Mfumo uko wapi?" mkalimani wao akamwuliza mjomba.

Mjomba akaninyooshea kidole.

Wageni wakatazamana. Wakaongea kikwao, kisha mkalimani akauliza kwa heshima: "Wanataka kujua, unatumia umeme wa jua?"

"Hapana," akajibu mjomba. "Unatumia ugali na maharage. Tena usipouvuta blanketi asubuhi, hauwaki."